Mstari Uliopakwa Njano

Barua ya kujieleza imenikuta Mikumi, dukani kwa dada yangu, nimekaa kwenye kiti cha wateja nasubiri mashine ya fotokopi ipoe. Nimepewa siku saba. Nieleze kwa nini mimi, mtumishi wa meza ya ratiba bungeni, nimeandika kwa mkono wangu maneno nisiyoruhusiwa kuyaandika juu ya rasimu ya ndani, kisha nikaweka jina, cheo na sahihi. Nimeisoma mara mbili. Dada aliisoma mara moja akasema, "Wajibu kwa adabu." Nitawajibu kwa adabu. Lakini kwanza naandika hapa bila adabu, kwa sababu nina hasira, na hasira ikikaa sana kwangu inageuka maumivu ya kichwa.

Nianze na kazi yenyewe. Watu wakisikia nafanya kazi bungeni wanadhani nakaa na wabunge nakunywa nao chai. Sikai nao. Miaka kumi na moja nimekaa Dodoma kwenye chumba chenye feni moja na printa mbili, napanga nani atangulie na nani afuate. Swali linaulizwa asubuhi ya siku fulani kwa sababu mimi au mwenzangu wa meza ya pili tumeliandika hapo. Muswada unasomwa siku gani, hoja ipi inapisha ipi, yote hayo yanapita mikononi mwetu kabla hayajafika kwa wakubwa kuidhinishwa. Ni kazi ya kukata na kubandika.

Sasa, ndani ya ratiba kuna vitu visivyogusika na kuna vitu vinavyogusika. Maswali hayagusiki, yanarushwa kwenye televisheni na kila mbunge anataka wapiga kura wamwone. Muswada haugusiki ovyo, una hatua zake. Kinachogusika ni kauli ya Serikali. Waziri ana jambo la kuwaeleza wananchi, anaomba nafasi, anasimama, anasoma karatasi yake dakika kumi au kumi na tano, anaketi. Haina mjadala wala haipigiwi kura. Na kwa kuwa haina mjadala, ikiondolewa hakuna anayepiga kelele. Muda ukibana, kauli ndiyo inayosogezwa. Mkuu wa meza yetu, baba mmoja mpole mwenye miwani ya kamba, ana neno lake analolitoa kila inapofika hapo. "Kauli haiozi," husema, halafu anarudi kwenye kikombe chake.

Tunayo na desturi yetu. Kwenye rasimu, chochote kinachoweza kuondolewa tunakipaka rangi ya njano. Njano maana yake, ukihitaji nafasi hii, chukua. Haijaandikwa popote. Ukiajiriwa unaambiwa siku ya kwanza, ya pili unapaka mwenyewe, na baada ya mwezi mkono unapaka bila kukuuliza. Kauli zote za Serikali nilizowahi kuziandika nilizipaka njano.

Baba yangu anaishi ndani kidogo ya barabara ya Mikumi kwenda Kilosa, upande wa Masanze. Babu alikuja huko kutoka kusini kukata mkonge, enzi ambazo wenye mashamba walituma magari kuchota watu mbali. Baba alizaliwa kwenye laini za wafanyakazi, akasoma hadi darasa la saba, akapewa kazi ya kusimamia zamu kwenye korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge. King'ora kilipolia saa kumi na mbili, yeye alikuwa keshafika na daftari lake. Mpaka leo akikuahidi saa nne, saa nne kasorobo anakohoa mlangoni kwako. Sisi watoto wake tumelelewa kwa karatasi na saa.

Shamba likafa. Mashine ziling'olewa zikauzwa chuma chakavu, wenye shamba wakapotea, na watu waliobaki wakaanza kulima katikati ya mkonge uliozeeka. Baba alisafisha ekari tatu kwa panga na mgongo wake mwenyewe. Mahindi, mbaazi, ufuta mwaka ukiwa mzuri. Ekari hizo tatu zimenisomesha mimi na dada yangu, na hana nyingine.

Miaka michache iliyopita hati ya shamba lile ikafutwa, tukashangilia. Likabaki swali moja tu, nani atabaki na alicholima na wapi atapewa mwekezaji mpya. Mwishoni mwa mwaka jana maofisa wakaja kwenye mkutano wa kijiji wakasema jibu litatolewa na waziri, bungeni, kwa kauli ya Serikali. Mpaka kauli hiyo isomwe mtu asiingize jembe. Atakayelima kabla atahesabiwa mvamizi.

Baba alinipigia jioni ileile.

"Mwanangu, si ndiyo kazi yako hiyo?"

"Ndiyo, baba."

"Basi sisi hatuna wasiwasi. Tutajua siku."

Alijivuna, na mimi nikajivuna. Niseme ukweli, ilikuwa mara ya kwanza kazi yangu kuwa na maana kijijini. Kabla ya hapo nikiwaambia napanga ratiba, wajomba walikuwa wanauliza kama mshahara unatosha kununua bati.

Rasimu ya mkutano wa mwanzo wa mwaka ilipokamilika, jambo letu lilikuwa Jumatano ya wiki ya kwanza, baada ya maswali. Niliuandika mstari huo mwenyewe. Nikaupaka njano mwenyewe. Halafu nikafanya ambalo sikuruhusiwa, nikaipiga picha ile karatasi kwa simu na kumtumia dada, ili baba atulie moyo.

Dada ana duka la kuchapa na kurudufu hapa Mikumi, jirani na yanapoegeshwa malori. Akaona wazee watahangaika na maandishi madogo, akaikuza picha hadi ikawa na ukubwa wa kalenda ya ukutani. Mashine yake haina rangi. Njano yangu ikatoka kama kivuli cha kijivu, na kwa kuwa wiki ile kauli ilikuwa moja tu, mstari wetu peke yake ndio ulikuwa na kivuli kwenye karatasi nzima. Akampelekea baba. Baba akampelekea mtendaji wa kijiji, dada mmoja mwenye bidii sana na muhuri wake, akaigonga IMEPOKELEWA na kuibandika kwenye ubao wa matangazo. Kuanzia siku ile haikuwa tena picha ya simu. Ilikuwa nyaraka.

Baba akapiga tena.

"Tumeiona. Halafu mwanangu, mstari wetu peke yake umewekewa kivuli. Mingine yote mieupe." Mimi namjua baba, nikajua anatabasamu. "Wameupa uzito."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Sentensi moja ingetosha. Nilikuwa nimesimama koridoni, mtu ananisubiri na faili, na baba yangu amefurahi kwenye simu. Nikasema, "Ndiyo, baba, huo umewekewa alama."

Sikumdanganya, na hilo halinisaidii hata kidogo.

Jumatano ile wakakusanyika ofisi ya kijiji tangu saa mbili asubuhi, na redio ya duka la jirani ikaletwa ikawekwa dirishani. Dodoma, kabla maswali hayajaanza, simu ikaingia kutoka wizarani, kwamba waziri amesafiri ghafla. Mkuu wa meza akaniangalia juu ya miwani. "Sogeza Ijumaa," akasema. "Kauli haiozi." Nikasogeza. Nilitumia muda mfupi kuliko wa kupenga kamasi. Kijijini wakasikiliza maswali yote mpaka la mwisho, wakasikia muswada ukiitwa, wakaendelea kukaa wakidhani huenda kauli iko mbele.

"Mbona wameruka?" baba akauliza mchana.

"Imesogezwa Ijumaa, baba."

"Nani kaisogeza?"

"Imesogezwa tu."

Kiswahili chetu cha ofisini kinawaonea huruma sana watu wa ofisini. Jambo husogezwa, huahirishwa, hupangiwa siku nyingine, na hutaona mkono wa mtu hata ukitafuta na tochi. Mkono ulikuwa wangu, nao ulikuwa umeshika simu ninayoongea naye.

Ijumaa ikaja timu ya mpira iliyoshinda kombe. Wakaingia nalo, wakatambulishwa mmoja mmoja mpaka mtunza jezi, wabunge wakapiga meza kwa furaha. Sina ugomvi na mpira. Ila nilikuwa nimesimama pembeni na saa mkononi, nikaziangalia dakika kumi na tano za baba yangu zikienda kwa mtunza jezi. Nikarudi mezani nikasogeza kauli hadi Jumanne. Jumanne muswada ukazidisha muda, marekebisho yalikuwa mengi kuliko tulivyotarajia, nikasogeza hadi Alhamisi. Alhamisi wizara ikaomba ipewe nafasi ya kuipitia tena kidogo. Ijumaa mkutano ukaahirishwa. Kauli ikahamia mkutano wa bajeti, Aprili.

Kila iliposogezwa, baba alipiga, na kila alipopiga nilimwambia maneno yaleyale. "Subiri kidogo tu, baba. Safari hii wanasoma." Nimeyahesabu. Nilimwambia mara nne.

Jirani yake, mama mjane ambaye shamba lake limetenganishwa na la baba kwa mstari mmoja wa mkonge, alisubiri Jumatano, akasubiri Ijumaa. Jumamosi akatoka na jembe. Mtendaji akamwita ofisini kumwonya. Nimesimuliwa na watu watatu alivyojibu, na wote watatu wakicheka.

"Mwanangu, andika jina langu hapo kwenye daftari lako, andika kwa kalamu nyekundu kabisa. Mbegu zimeingia wadudu. Mimi sina binti Dodoma, nina mvua tu."

Akapanda. Wakafuata wengine, mmoja leo, wawili kesho, wakijificha mwanzoni, baadaye mchana kweupe. Yule mama akapita kwa baba akamwambia, "Shemeji, utakaa mpaka lini? Ukipata kauli yako utaipanda?" Baba akamjibu kwamba yeye ameambiwa na Serikali asubiri, na kwamba binti yake ndiye anayepanga.

Mvua zilipokolea hakuniuliza tena habari za kauli. Alikuwa anapiga tu kunieleza hali ya hewa. "Leo imenyesha tangu alfajiri," alisema siku moja. "Udongo umelainika vizuri sana." Nikasubiri aendelee. Akaniuliza kama Dodoma nako inanyesha. Angenigombeza ningemshukuru. Nililia chooni kazini siku ile, nikanawa uso, nikarudi kupanga maswali ya wiki ya kwanza ya bajeti.

Machi ikaja timu ya uhakiki. Walikuwa na vishikwambi, wakazunguka shamba kwa shamba, wakapiga picha, wakaandika kilichopo. Penye mahindi waliandika mahindi. Kwa baba, ambaye alikuwa amewatangulia na kusimama mpakani na shati lake la mikutano, waliandika nyasi. Akawaeleza kwamba shamba ni lake tangu lilipotelekezwa, ila ametii agizo, anasubiri kauli isomwe. Mpimaji akamjibu kwa upole tu kwamba kwenye kishikwambi hakuna sehemu ya kujaza kusubiri. Baba alinisimulia hilo bila hasira yoyote. Hasira zote ameniachia mimi.

Aprili kauli ikasomwa. Haikusogezwa hata siku moja, safari hii kila mtu aliitaka. Mimi ndiye niliyebeba nakala na kuziweka mezani, nikasimama ukutani. Waziri alisoma dakika kumi na mbili, kwa sauti nzuri. Akasema uhakiki umekamilika. Maeneo yaliyokutwa na mazao yatabaki kwa wanaoyalima. Maeneo yaliyokutwa wazi yatatengwa kwa ajili ya uwekezaji. Mwenye pingamizi alipeleke kwa kamati ndani ya siku thelathini, pamoja na vielelezo. Wabunge wakapiga meza. Wavamizi wamebaki na mashamba yao, na nawafurahia kwa moyo wote, wallahi. Aliyetii ndiye ameondolewa.

Nilirudi mezani. Chini ya meza yangu kuna kabati la nakala zilizopangiwa siku lakini hazijasomwa. Bahasha za kaki, zimefungwa, na hatuzifungui mpaka siku yake ifike, ndiyo kanuni. Bahasha ya Januari ilikuwa humo bado. Tangu Jumatano ile ilikuwa humo, kiasi cha nusu hatua kutoka kwenye goti langu, kila nilipokuwa nikiongea na baba kwenye simu. Nikaifungua. Ukurasa wa nne ulisema kwamba timu ya uhakiki itapita mwezi Machi, na kwamba kwa wakati huu wananchi wanaoyatumia maeneo hayo waendelee kulima kama kawaida.

Waendelee kulima kama kawaida. Nilisoma maneno hayo mpaka macho yakakataa. Kama yangetamkwa siku yangu ile ya Jumatano, baba angekuwa shambani Alhamisi asubuhi kabla ya umande kukauka.

Nikaenda nayo kwa mkuu wa meza, nikaiweka mbele ya kikombe chake.

"Kumbe inaoza," nikamwambia.

Akasoma. Akavua miwani. Ni mtu mwema, sitaki kumsingizia. Akasema kwa huzuni ya kweli, "Dada yangu, ungeniambia kwamba ni kwenu. Hiyo Jumanne ningeipigania."

Nafikiri alitaka kunifariji. Mimi nikapandwa na hasira ambayo mpaka leo haijashuka. Kwa hiyo ambaye hana binti kwenye chumba hiki? Halafu hasira ikageuka ikanitazama mwenyewe, kwa sababu miaka kumi na moja nimesogeza kauli za watu wengine. Za wavuvi wa mahali fulani, za daraja lililokatika mahali fulani, za dawa, za mbolea. Kila moja ilikuwa na watu waliokaa karibu na redio. Sikumbuki hata moja. Nakumbuka njano tu.

Ijumaa nikaomba ruhusa, nikapanda treni ya umeme, nikashuka Kilosa, nikachukua bodaboda. Tulipofika kwenye mashamba nikamwambia dereva apunguze. Mahindi ya yule mama yalikuwa yamenipita kimo, yamebeba, mbaazi zinachanua chini yake. Kisha mstari wa mkonge. Kisha nyasi za baba, ndefu, zimestawi vizuri mno, maana ule udongo hauna ubaguzi. Katikati yake mtu alikuwa ameshachomeka kigingi chenye kitambaa chekundu.

Baba alikuwa ametoa meza nje. Juu ya meza palikuwa na karatasi moja tu, ile ratiba, imepauka kwa jua la ubaoni, pembe zake zina matundu ya pini. Alikuwa amemwomba mtendaji aibandue, na mtendaji akaigonga muhuri wa pili kuonyesha imetolewa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Pole na safari. Kaa."

Nikakaa. Sikujua nianzie wapi kuomba radhi, na hakunipa nafasi.

"Wanataka vielelezo," akasema. "Changu ni hiki. Ni karatasi ya Bunge, ina muhuri wa kijiji, inaonyesha kwamba tulipangiwa Jumatano. Kamati inakaa Jumatatu. Kilichobaki ni sahihi yako, maana wewe ndiye uliyeiandika."

Nikamweleza. Hii ni rasimu ya ndani, haikutakiwa kutoka ofisini. Rasimu siyo ahadi, baba, kamati inaweza kuitupa. Na nikiweka sahihi watajua ni nani aliyeitoa. Alinisikiliza kama alivyokuwa akiwasikiliza watu wa zamu, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Utafukuzwa?"

"Inawezekana."

"Basi usiweke," akasema, na akaivuta karatasi upande wake. "Tutaangalia namna nyingine. Tusubiri kwanza."

Hapo ndipo nilipopasuka. Katika mambo yote, hilo neno ndilo sikuweza kulivumilia. Nilimpandishia baba yangu sauti, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nizaliwe, mpaka yule mama jirani akatokeza kichwa kwenye mkonge kuangalia kuna msiba gani. Nikasema hapana, hakuna kusubiri, hapa hakuna mtu atakayesubiri tena. Nikachomoa kalamu kwenye mfuko wa shati lake, nikaivuta ile karatasi, na pale penye nafasi, chini ya siku ya Ijumaa, nikaanza kuandika.

Nikaandika kwamba mimi ndiye niliyeipanga ratiba hii. Nikaandika maneno ya ukurasa wa nne wa kauli ya Januari, ambayo hayakusomwa popote, yote kama yalivyokuwa, kwa maana nilikuwa nayajua kwa moyo. Nikaandika kwamba nilimwambia baba yangu asubiri, mara nne, na kwamba alisubiri. Jina langu, cheo changu, namba yangu ya simu. Sahihi.

Baba alikuwa anafuatisha kila neno kwa kidole, midomo ikicheza. Alipofika mwisho uso ukamfunguka kabisa.

"Vizuri," akasema. "Vizuri sana. Sasa bado kitu kimoja. Andika na habari ya hiki kivuli." Akaweka kidole kwenye ule mstari wa Jumatano. "Kwamba mingine yote mieupe, wetu peke yake ndio uliopewa uzito. Kamati ikiliona hilo itaelewa hatukuwa wajinga."

Nikaishika kalamu bila kuandika. Yule mama alikuwa amesharudi kwenye mahindi yake, tunasikia anavyokwanyua majani. Nilitafuta namna ya kulisema na sikuipata nzuri.

"Baba, ile siyo uzito. Kwetu kazini mstari ukipakwa rangi hiyo maana yake unaweza kuondolewa."

Akautazama. Kidole chake kikapita polepole juu ya kijivu, kutoka mwanzo wa mstari mpaka mwisho, kikarudi.

"Nani anaipaka?"

"Mimi."

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akachukua muda mrefu kuifuta. Alipoivaa hakunitazama, aliitazama karatasi.

"Basi andika hivyohivyo," akasema. "Kama ulivyosema."

Nikaandika, chini ya sahihi yangu, kwamba rangi hii niliipaka mimi.